Baba, Nilisubiri Ukuta wa Chokaa Ukauke

Baba,

Nimekaa hapa Gatina kwa mama, kwa ile meza yenye mguu mmoja mfupi uliouwekea kipande cha kigae. Nimetaka kukuandikia tangu mwaka jana. Kila nikishika kalamu nilikuwa naandika "Baba" peke yake, halafu machozi yanashuka, karatasi inalowa, naikunja naitupa. Leo silii. Ama niseme bado sijalia. Leo nina habari, na wewe ulipenda habari kuliko salamu. Mtu akikusalimu sana ulikuwa unamkatiza: "Haya, tumesalimiana. Leta stori."

Kwanza ya nyumbani. Mama ni mzima, isipokuwa goti la kushoto linalomsumbua kukiwa na baridi. Bado anauza nguo za watoto kule njia ya Satellite, na bado anagombana na wateja kisha anawafungia vizuri mzigo wao. Ploti ya jirani wamepandisha ghorofa nne. Jua sasa linafika kwa kamba yetu ya nguo saa sita tu, na mama amelichukulia jambo hilo kama tusi lake binafsi. Shikuku, mwenzako wa shimoni, bado anachimba vyoo, lakini amepata vijana wawili wa kuvuta udongo na yeye anakaa juu kutoa amri, jinsi ulivyosema atafanya akizeeka. Mabomba ya maji taka yamefika hadi nyuma ya kanisa. Shikuku anayapita bila kuyaangalia, kama mtu aliyenyang'anywa mchumba. Anasema, "Hizo paipu zitatumaliza, lakini si kule Kibera, Kambi Muru. Kambi Muru watatuhitaji mpaka tufe." Halafu akakumbuka umekufa, akaanza kusugua kofia yake.

Sasa yangu. Miezi michache baada ya kukuzika Kitui nilipata kazi. Si ya kudumu, ya mkataba, lakini ni kazi ya kile nilichosomea: mawe. Kazi yenyewe ni ya utafiti wa mafuta. Unakumbuka uliniuliza siku moja, nikiwa mwaka wa pili chuoni, mafuta hukaa chini namna gani? Ulidhani ni ziwa, uweke bomba uvute. Nikakwambia hapana, yamo ndani ya jiwe lenyewe, katika vitundu vidogo vidogo na katika nyufa. Ulimaliza kutafuna, ukasema, "Aah. Kama jasho kwa shati. Huwezi kuona ziwa, lakini shati imelowa." Nimesoma vitabu vinene, Baba, na sijaona mahali palipoelezwa vizuri kuliko hapo.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Kuna mwamba wa chokaa ulioko chini sana, upande wa baharini, kilomita kadhaa chini ya ardhi. Hakuna mtu atakayeingia huko kuuangalia. Kutoboa shimo moja tu kufika huko ni kazi ya kutisha, na ukitoboa unapata kijishimo chembamba, huoni kulia wala kushoto. Lakini mwamba huo huo, zamani ulipokuwa matope ya bahari iliyokuwa imejaa kombe na konokono, ulilala kwa upana mkubwa. Baadaye ardhi ikainama. Upande mmoja ukazama, upande mwingine ukabaki juu. Huo wa juu umejitokeza wazi kwenye vilima vya bara la Pwani, na watu wameupasua miaka mingi wakitafuta kokoto na chokaa ya kupaka nyumba. Basi unaenda kwenye ukuta wa juu, unaupima, unaujua tabia, halafu unakisia tabia ya ndugu yake aliyezama.

Siku ya kwanza tulipoelezwa hayo ofisini, wenzangu waliandika. Mimi nilicheka peke yangu hadi nikaangaliwa vibaya. Somo hilo nililipata nikiwa darasa la tano, nimesimama kando ya shimo Kambi Muru, nimekuletea muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, kwenye hotpoti.

Wewe hukuchimba mahali popote kabla ya kuuona ukuta wa jirani. Mwenye ploti alikuwa anakuonyesha pale anapotaka choo, na wewe badala ya kushika sururu unamuuliza, "Nani karibu hapa amechimba kitu? Msingi, choo, mtaro, chochote." Ukionyeshwa, unaingia ndani ya shimo la watu, unamwagia ukuta karai moja la maji, unatoka, unakaa chini, unaitisha chai. Wateja wengi walidhani ni uvivu. Mmoja alikuambia mbele yangu, "Mzee, mimi nimeita mtu wa kuchimba, sikuita mgeni." Ukamjibu kwa upole, "Nangoja ukuta ukauke, boss. Ukikauka utaongea."

Na ulikuwa ukiongea kweli. Ukuta ukianza kukauka, mikwaruzo ya juu juu inakauka pamoja nao, inapotea. Ufa wa kweli, ule unaoingia ndani, unabaki na mstari mweusi wa unyevu kwa muda mrefu. Ulinishika mkono ukanipitisha kidole kwenye mstari huo. "Hii ndiyo ya kuogopa. Hii inatembea mpaka kwa ploti yetu. Hizo zingine ni za sururu." Ukiona nyufa za kweli zinaelekea kwenye kisima au kwenye chumba cha mtu, unahamisha choo, hata mwenye ploti akikasirika. Siku hizo nilifikiri kila baba hufanya hivyo kazini kwake.

Halafu kuna lile kosa lako la pale nyuma ya soko. Samahani nalitaja, lakini bila hilo stori yangu haina mguu. Uliangalia ukuta wa mtaro uliokuwa umeachwa wazi tangu kiangazi kianze, ukaona nyufa nyingi, hukumwagia hata maji, ukamwambia mwenye ploti kwamba ardhi ni legevu, mtamaliza mapema. Kumbe jua ndilo lililoupasua ule ukuta kutoka nje. Ndani ilikuwa ngumu kama lami. Wewe na Shikuku mlipiga sururu wiki baada ya wiki, watoto wa ploti wakapata cha kuchekelea. Ungeweza kusingizia mwamba. Ulienda kwa mwenye ploti mwenyewe, umevua kofia, ukasema, "Nimekosea mimi. Nilisoma uso, sikusoma mwili." Mama alikuuliza kwa nini ujiaibishe. Ukasema afadhali aibu ya leo, kwa sababu shimo litakaa hapo miaka yote na litakuwa linamwambia mwenyewe ukweli.

Baba, nimefanya kosa hilo hilo. Nikiwa na digrii.

Tulienda kwenye machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa, yaliyoachwa, ukuta mrefu mweupe unaoumiza macho mchana. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya nyufa. Unanyoosha utepe wa kupimia kwa urefu wa ukuta, kisha unaandika kila ufa unaoukata utepe huo: uko wapi, umelalia upande gani, una upana gani. Niliifanya kwa miezi mitatu. Mgongo uliniuma, uso ukababuka, vidole vikapasuka kwa vumbi la chokaa, na nilijiona hodari kweli. Nyufa zilikuwa nyingi ajabu. Nikatengeneza ramani nzuri ya rangi, nikaandika kwamba mwamba huu umepasukapasuka kila mahali, kwa hiyo ule wa chini nao bila shaka ni hivyo, na mafuta kama yapo yatapita kwa urahisi. Kiongozi wetu, Daktari Njeri, mama mmoja mkali asiyependa maneno mengi, aliisoma akasema, "Good. Hii ndiyo tutapeleka mbele." Nilitembea siku hiyo nikiwa nimevimba kichwa.

Nilirudi machimboni kuchukua picha za mwisho tu. Asubuhi hiyo ilikuwa imenyesha manyunyu, jua likatoka mara moja. Nilikaa kwenye jiwe na chupa yangu ya chai, nikauangalia ukuta wangu ukikauka. Sikuwa nafikiria kazi. Nilikuwa nakufikiria wewe, kwa sababu ilikuwa chai ya tangawizi. Na mbele ya macho yangu nyufa zangu zikaanza kupotea. Moja, nyingine, kumi. Zilikauka pamoja na ukuta kama mikwaruzo ya sururu. Nilisimama chai ikamwagika. Nikaenda karibu, nikaona kitu ambacho kwa miezi mitatu sikukiona: nyufa hizo zilikuwa zimetawanyika kutoka kwenye vitundu vya baruti. Ni watu wa kupasua mawe waliozitengeneza, si ardhi. Nilikuwa nimehesabu kazi ya baruti nikaiita kazi ya Mungu.

Zilibaki nyufa chache tu zenye mstari mweusi, na nilipozichunguza zilikuwa na utando mweupe wa fuwele ndani, dalili ya uzee. Lakini kulikuwa na jambo lingine, na hili ndilo lililonifanya nisahau hata kuogopa. Tabaka moja, la tatu kutoka chini, lisilo na nyufa zozote za kujivunia, halikukauka. Mwamba wote ulirudi kuwa mweupe na tabaka hilo likabaki jeusi kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho. Lilikuwa limekunywa. Nikalipiga nyundo, nikaweka kipande kwenye kioo cha kukuzia: kombe za kale zilikuwa zimeyeyuka zikaacha nafasi zao tupu, vitundu maelfu. Shati lenye jasho, Baba. Miezi mitatu nilikuwa nimesimama mbele yake nikihesabu mikwaruzo.

Nilishuka hadi kwenye kijito kilicho nyuma ya kilima, ambako baruti haijawahi kufika, nikatafuta tabaka hilo hilo kwenye ukingo. Nililipata. Nikalimwagia maji, nikakaa. Nyufa chache, na kiu ile ile.

Sasa hapo ndipo ugumu ulianza. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huo. Ripoti yenye ramani yangu ilikuwa tayari, na kikao cha wakubwa kilikuwa wiki iliyofuata. Katika kikao hicho ndipo wangeamua nani anabaki kwa awamu ya pili. Kama ningenyamaza, hakuna ambaye angejua kwa miaka mingi. Ule mwamba uko chini sana, haumsemi mtu. Na kama ningesema, ningekuwa yule msichana aliyepoteza miezi mitatu ya watu akihesabu nyufa za baruti. Nilimpigia mama simu. Sikumwambia lolote, nilimuuliza tu wewe ulivaa nini siku ile ulipoenda kwa mwenye ploti wa nyuma ya soko. Akasema, "Koti ya kijivu. Kwani kuna nini?" Nikasema hakuna kitu. Akasema, "Mwende, usinidanganye, na ule chakula."

Lakini kuna sababu nyingine iliyoniziba mdomo, na hii sijawahi kukwambia. Unakumbuka siku ya kuhitimu. Ulikuwa umevaa hiyo koti ya kijivu, umenyoa, umesimama kwenye nyasi za chuo ukishika bahasha ya khaki kana kwamba ina yai ndani. Mamake rafiki yangu Brenda alikuja na miwani yake juu ya kichwa, akaniuliza mbele yako, "Na daddy anafanya kazi gani?" Nikasema, haraka, "Ni mwanakandarasi." Wewe ulikuwa hapo. Ulisikia. Ulimpa mkono ukatabasamu ukasema, "Ndio, kazi za ujenzi ujenzi." Tuliporudi nyumbani ulinichekesha njia nzima. Ulisema, "Mwanakandarasi! Itabidi ninunue gari sasa." Ulitaka nisione haya. Nami nilicheka, nikajifanya hamnazo, na sikukuomba msamaha siku hiyo wala siku nyingine, na ulipougua nilikuwa na wiki tano nzima kando ya kitanda chako, nikakusomea gazeti, nikakukata kucha, nikakuuliza kama unataka uji. Maneno mawili sikuyasema.

Kwa hiyo nilijua, nikisimama kwenye kile kikao, wataniuliza nilijuaje. Na jibu lilikuwa moja tu.

Nilimwendea kwanza Daktari Njeri ofisini kwake. Nilisimama. Nilisema, "Daktari, ramani yangu si ya kweli. Nimekosea mimi." Alinyoosha mkono apewe karatasi. Nilimweleza maji, ukuta, baruti, tabaka la tatu. Alipomaliza kusoma alivua miwani akasugua macho, akasema, "Una uhakika hiyo tabaka haijatobolewa na mvua tu, kwa sababu iko nje?" Lilikuwa swali zuri, na liliniumiza, kwa sababu ndilo swali la mtaro wa nyuma ya soko. Uso au mwili? Nikasema sina uhakika. Nikasema njia ya kujua ni kutoboa nyuma ya ukuta, mahali ambapo mvua na baruti havijafika, tulitoe jiwe la ndani tuliangalie. Akaniambia, "Ukikosea mara ya pili, sitaweza kukusaidia. Unaelewa?" Nikasema naelewa. Kikao kikasogezwa mbele kwa sababu yangu, na ofisi nzima ikajua kwa nini. Jamaa mmoja wa kompyuta alianza kuniita Baruti. "Niaje, Baruti?" kila asubuhi kwenye lifti. Nilikuwa naitikia.

Mashine ilipelekwa. Ni kekee ndefu inayokata mwamba na kutoa fimbo ya jiwe, nene kama mkono wangu. Fimbo inatoka vipande vipande, unavilaza kwenye sanduku la mbao kwa mpangilio, na hapo unausoma mwamba kama ulivyo ndani, haujaguswa na jua. Siku mbili nilisimama hapo. Fimbo za kwanza zilitoka nzima, ngumu, bila nyufa: hapo ramani yangu ya zamani ilikufa rasmi, mbele ya kila mtu. Nilibaki na tabaka la tatu peke yake. Fundi wa mashine, mzee mmoja kutoka Machakos, aliona nilivyosimama muda mrefu akaniletea kiti. Nilikataa. Nilikuwa najiambia kwamba wewe hukukaa siku ile mbele ya mwenye ploti.

Fimbo ya tabaka hilo ilipofika, niliijua kabla haijatoka yote. Ilikuwa na vitundu, Baba. Kutoka ndani ya mwamba, mbali na mvua, mbali na baruti, vitundu vilevile vya kombe zilizoyeyuka. Niliilaza kwenye sanduku, nikachukua chupa yangu ya maji, nikamwagia fimbo zote, zile ngumu na hii. Halafu nikamwambia Daktari Njeri tungoje kidogo. Tulisimama watu sita kwenye jua kali tukiangalia mawe yakikauka. Yale mengine yakawa meupe. Hili likabaki jeusi. Daktari Njeri alilishika akaligeuza mara mbili, tatu. Kisha akaniuliza lile swali, mbele ya wote, "Hii mambo ya kumwagia maji na kungoja, mwalimu gani alikufundisha? Mimi sijawahi kuiona ikifanywa kwa utulivu hivi."

Nikasema, "Baba yangu. Alikuwa anachimba vyoo. Kibera na Kawangware."

Nilingoja kicheko. Yule fundi wa Machakos ndiye aliyezungumza kwanza, akasema, "Huyo alikuwa fundi." Hivyo tu, akarudi kwa mashine yake. Na Daktari Njeri akatoa kalamu akaniambia, "Nipe jina lake kamili. Njia ya mtu haiandikwi bila jina la mtu." Nilimtajia, majina yako yote matatu, polepole, herufi kwa herufi. Akauliza, "Na kazi tuandike nini? Tunaweza kusema fundi wa ujenzi." Alimaanisha mema. Alikuwa ananifungulia mlango ule ule niliotokea siku ya kuhitimu. Nikasema hapana, Daktari, andika mchimba vyoo.

Sijui kama kuna mafuta huko chini. Hakuna anayejua, na huenda tusijue mpaka nami niwe na mvi. Nataka uelewe hivyo, usije ukawaambia watu wa huko uliko kwamba bintiyo amepata visima. Tulichopata ni kwamba sasa tunajua mahali pa kuangalia, na kwamba hatutadanganyika na nyufa. Wamenibakiza kwa awamu ya pili. Yule jamaa wa kompyuta bado ananiita Baruti, lakini siku hizi ananiletea kahawa.

Ripoti ilipotoka niliipeleka Gatina Jumamosi. Ni Kiingereza kitupu, lakini nilikuwa nimeweka alama kwenye ukurasa. Shikuku alikuwepo, amekuja kumsaidia mama kufunga rafu. Mama alifuta mikono kwenye leso, akaishika ripoti, akaliona jina lako akalitambua, akampa Shikuku asome kwa sababu miwani yake ilikuwa kwa mfuko mwingine. Shikuku alisoma akisimamasimama, anatafsiri: kwamba njia hii ya kupima ukuta ilitoka kwa marehemu fulani, mchimba vyoo wa mikono, Nairobi. Mama akasema, "Rudia hapo kwa kazi." Akarudia. Nikaogopa labda nimemkosea, labda angependa neno lenye suti. Mama akasema, "Miaka yote hiyo nikiulizwa kanisani nilikuwa nasema uko na biashara yako." Alikuwa anaongea na wewe, Baba, si na sisi. Akavuta kiti akaketi. "Kumbe ingeandikwa tu hivyo na dunia isianguke."

Kwa hiyo sikuwa peke yangu niliyeificha kazi yako. Shikuku alijipangusa uso kwa kofia akasema kuna vumbi hapa ndani, na mama akamwambia nyumba yake haina vumbi, na hapo tukacheka, na hapo ndipo nililia, sana, nikiwa nimeegemea rafu ambayo haijafungwa vizuri.

Nisamehe, Baba. Hayo ndiyo maneno yenyewe, nisamehe mimi. Yamechelewa lakini nimeyasema kwa sauti hapa mezani ninapoyaandika, ili hata kama barua haikufikii, hewa imesikia.

Mwezi ujao Daktari Njeri ataleta wanafunzi wa chuo. Watakaa siku moja Kambi Muru kabla ya kwenda kwenye chokaa, ili waanze na shimo. Shikuku ndiye atakayewashusha. Amenunua ovaroli mpya na amenionya: atakayeziba pua, atapanda juu aende nyumbani. Nimemwambia ni sawa.

Ninakuahidi mambo mawili. Kila ukuta nitakaousoma, nitaandika wazi kama ni uso niliouona au ni mwili, hata ikinigharimu. Na kila mtoto wa mtu atakayekuja kujifunza kwangu, kabla sijamfundisha neno moja la mawe, nitamuuliza mzazi wake anafanya kazi gani, na nitangoja hapo hapo mpaka aitaje kwa jina lake.

Pumzika sasa, Baba. Umefanya kazi.

Ni mimi,
Mwende, binti wa mchimba vyoo.